KIBERITI CHA JIRANI, KUNI ZA NYUMBANI: Somo kutoka vita vya Msumbiji

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Wiki iliyopita, baada ya darsa ya Isha, kijana mmoja alinifuata mpaka pale tunapovulia viatu. Simu ilikuwa mkononi, ametoka kusoma habari za mauaji ya Cabo Delgado. Akaniuliza: "Sheikh, hawa watu nani anawatuma?" Nikamwambia, kabla sijakujibu, wewe unasemaje? Akasema mtandaoni amekuta majibu mawili. Wa kwanza wanasema yote ni njama za mataifa ya nje, wenyeji hawana kosa lolote. Wa pili wanasema hawa ni waovu tu, wauawe yaishe, hakuna cha kujadili.

Nilimwambia majibu yote mawili ni mepesi mno, na kwamba nitamjibu kwa kisa. Basi ndugu yangu, kaa kitako. Somo la leo ni refu kidogo, lakini nusu ya kisa hiki niliiona kwa macho yangu nikiwa mtoto.

Nimekulia kijijini, si mbali na Mto Ruvuma. Miaka ya themanini walikuwa wakivuka watu kutoka ng'ambo, wengine na mkeka tu kichwani. Siku moja madrasani kwetu akaletwa mtoto wa Kimakua, rika langu. Alikuwa na sauti nzuri ya kisomo kuliko sisi sote. Lakini alikuwa na jambo moja: hakukubali kukaa mgongo wake ukielekea mlangoni. Maalim alimkemea siku ya kwanza na ya pili. Siku ya tatu akanyamaza, akampa nafasi ukutani, pale anapouona mlango. Sisi watoto tulimcheka. Nilipokua na kusoma yaliyotokea kwao ndipo nilipoelewa alikuwa anauangalia nini ule mlango. Mpaka leo namwomba Allah anisamehe kwa kicheko kile.

KWANZA: UGAIDI WA KUTUMWA NI UPI?

Ugaidi ni kuwatisha na kuwaua raia ili kufikia lengo la kisiasa. Unapofadhiliwa na dola, maana yake serikali fulani inatoa fedha, silaha, mafunzo na mahali pa kujificha, halafu inasimama mbele ya ulimwengu na kusema, "Sisi hatuhusiki, hao wanagombana wenyewe."

Kwa nini dola ifanye hivyo badala ya kupeleka jeshi lake? Kwa sababu ni rahisi. Mwanajeshi wake hafi, mama wa mwanajeshi hamlilii waziri, na Umoja wa Mataifa hauna wa kumshika. Tena yule anayetumwa hahitaji kushinda. Akivunja daraja, akachoma zahanati na kumtisha mwalimu akimbie, kazi aliyotumwa imekamilika.

Tanzania tuliuonja mkono wa namna hii mapema. Tarehe 3 Februari 1969, Dar es Salaam, Dkt. Eduardo Mondlane, rais wa kwanza wa FRELIMO, alifungua kifurushi cha kitabu kilichotumwa kwa posta. Ndani mlikuwa na bomu, likamuua papo hapo. Wengi wa walioandika historia hiyo wanaelekeza kidole kwa polisi wa siri wa Ureno.

PILI: NANI ALIKUJA NA KIBERITI?

Msumbiji ilipata uhuru tarehe 25 Juni 1975, chini ya Samora Machel. Jirani yake wa magharibi wakati huo ilikuwa Rhodesia, leo Zimbabwe, iliyotawaliwa na walowezi wachache chini ya Ian Smith. Machi 1976 Machel akafunga mpaka na Rhodesia kutekeleza vikwazo vya Umoja wa Mataifa, na akawapa hifadhi wapiganaji wa ukombozi wa Zimbabwe. Kwa nchi maskini, iliyokuwa ikiishi kwa mapato ya reli na bandari, ule ulikuwa uamuzi wa gharama kubwa.

Rhodesia ikalipiza. Tarehe 9 Agosti 1976 askari wake walivaa sare za Msumbiji, wakaingia kambi ya Nyadzonya na kuua mamia ya watu. Lakini uvamizi wa wazi una lawama. Ndipo idara ya ujasusi ya Rhodesia ilipoanzisha kundi lililokuja kuitwa RENAMO. Hili si la kukisia. Ken Flower, mkuu wa idara hiyo, alilikiri mwenyewe katika kumbukumbu zake zilizochapishwa mwaka 1987. Walianza na redio iliyowatangazia wananchi wa Msumbiji kutokea Rhodesia. Kisha wakakusanya watu: waliokuwa askari wa Wareno, waliofukuzwa, waliotoroka kambi za serikali mpya. Kiongozi wa kwanza wa wapiganaji hao, André Matsangaissa, alikuwa mwanajeshi wa FRELIMO aliyefungwa na wenzake, akatoroka. Aliuawa mwaka 1979, na Afonso Dhlakama akashika nafasi yake.

Mwaka 1980 Zimbabwe ikapata uhuru. Ungedhani kundi lile lingekufa. Halikufa, kwa sababu lilipata mfadhili mwingine. Jeshi la Afrika Kusini ya makaburu lililichukua, likalipeleka Phalaborwa, Transvaal, likalipa mafunzo na silaha zaidi.

Tazama maslahi, ndugu yangu, maana ukijua maslahi utajua mchezo. Mwaka huohuo wa 1980 nchi huru za kusini mwa Afrika, Tanzania ikiwemo, ziliunda umoja wa kiuchumi ili zisitegemee tena reli na bandari za makaburu. Zimbabwe na Malawi hazina bahari. Njia yao fupi ni Beira, Maputo na Nacala, zote za Msumbiji. Reli hizo zikikatwa, mzigo unarudi Durban, na fedha zinarudi kwa makaburu. Basi RENAMO ikawa inang'oa reli, inalipua madaraja, inachoma magari.

Tarehe 16 Machi 1984 Machel alitia saini mkataba wa Nkomati na P.W. Botha: Msumbiji isiwape ANC kambi, na Afrika Kusini iache kuisaidia RENAMO. Machel alitimiza. Agosti 1985 majeshi ya Zimbabwe na Msumbiji yakaiteka ngome ya RENAMO kule Gorongosa, na humo wakakuta nyaraka zinazoonyesha msaada uliendelea baada ya saini. Serikali ya makaburu ikabidi ikiri kwamba mkataba ulikiukwa.

Mpaka hapa yule anayesema "ni njama za nje tu" anatabasamu. Asitabasamu bado.

TATU: KUNI ZILIKAUSHWA NA NANI?

Kiberiti hakiunguzi mti mbichi. Jiulize: watu wachache waliofunzwa na majasusi wa kigeni waliwezaje kuenea katika nchi kubwa namna ile kwa miaka kumi na tano? Waliteka watu kwa nguvu, ndiyo, na hilo nitalieleza. Lakini ziko sehemu walizopokelewa, na sababu zake zilikuwa nyumbani.

Sababu za kwanza ni za Mreno. Kwa miongo mingi watu wa Msumbiji walilazimishwa kazi, wenyewe wakiiita chibalo. Kaskazini, kwa Wamakua na jirani zao, familia zililazimishwa kulima pamba hata njaa ikiwa mlangoni. Machifu walitumiwa kukusanya kodi na watu wa kazi. Vita vya ukombozi vilipoanza mwaka 1964, Mreno akawasomba watu na kuwaweka katika vijiji vyenye ulinzi wa kijeshi ili wasiwalishe wapiganaji. Kufikia mwisho wa vita hivyo, karibu watu milioni moja walikuwa wamehamishwa hivyo. Alipoondoka, aliacha nchi ambayo zaidi ya watu tisa katika kila kumi hawajui kusoma, na walowezi wengi wakaondoka na ujuzi wao kwa pamoja. Aliacha pia maelfu ya Waafrika aliowapa bunduki wawapige ndugu zao. Hao ndio waliokuwa wa kwanza kuokotwa na Rhodesia.

Sababu za pili zinauma zaidi, kwa kuwa zilitoka kwa wakombozi wenyewe. Mimi naiheshimu FRELIMO. Ilifunzwa kwenye ardhi yetu, Kongwa na Nachingwea. Ilipeleka walimu vijijini, na kampeni yake ya chanjo ilisifiwa duniani. Lakini uadilifu unatutaka tuseme na upande wa pili.

Iliwahamishia wakulima katika vijiji vya pamoja, na waliokataa wakalazimishwa. Mtu aliyetolewa kwake na Mreno akaona anatolewa tena na nduguye. Iliwaondoa machifu wote, mwema na mbaya, na kuwadharau mbele ya watu wao. Iliwafunga watu katika kambi za "mafunzo upya" bila kesi mahakamani. Mwaka 1977 ikatangaza itikadi ya Karl Marx, na dini ikaonekana kuwa ujinga wa kale. Waislamu wa pwani walibanwa, Wakatoliki walinyang'anywa shule zao, Mashahidi wa Yehova walihamishwa na kuwekwa kambini. Tukitetea haki tuitetee ya wote, hata wasio wa dini yetu. Na mwaka 1983 wakaazi wa mijini walioitwa wazururaji, makumi ya maelfu, walikamatwa na kusafirishwa mpaka Niassa, porini. Wengine kosa lao lilikuwa kukosa karatasi tu mfukoni.

Mtafiti wa Kifaransa, Christian Geffray, alikaa mkoa wa Nampula wakati wa vita akiwasikiliza wanakijiji wa Erati. Alichokiona ni kwamba baadhi ya machifu walichukua watu wao wakaingia upande wa RENAMO, si kwa kuwapenda makaburu, wengi hata hawakuwafikiria. Walitaka kurudi kwenye makazi ya zamani, karibu na makaburi ya wazee wao, na kuachwa waishi kwa heshima.

Mtume (s.a.w.) alipomtuma Muadh bin Jabal kwenda Yemen, alimuusia aiogope dua ya aliyedhulumiwa, kwani hapana pazia baina yake na Allah. Angalia wasia huo alipewa nani: mtu anayekwenda kuongoza watu, tena swahaba mwema. Hata mwenye nia njema huusiwa.

NNE: MOTO ULIPOWAKA, ULIMUUNGUZA NANI?

Mtu asidhani nawatafutia udhuru wauaji. Waliopokelewa kwa matumaini waligeuka jinamizi. Watu walitekwa kubeba mizigo mpaka waanguke. Watoto walichukuliwa, wakapewa bunduki, wengine wakalazimishwa kuua jamaa zao ili wasiwe na pa kurudi. Walimu na wauguzi walilengwa, na shule na zahanati zikachomwa. Tarehe 18 Julai 1987 mji mdogo wa Homoine, mkoani Inhambane, ulivamiwa. Serikali ya Msumbiji ilihesabu waliouawa 424, wakiwemo wagonjwa hospitalini. RENAMO ilikana.

Mwaka uliofuata Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani, ambayo haikuwa rafiki wa siasa za Maputo, ilimtuma Robert Gersony. Alizungumza na wakimbizi karibu 200 katika nchi tano, Tanzania ikiwa mojawapo. Alikadiria kuwa huenda raia 100,000 wameuawa, na sehemu kubwa kabisa ya maovu aliyosimuliwa ilihusishwa na RENAMO. Vita vilipoisha, inakadiriwa karibu watu milioni moja walikuwa wamekufa kwa risasi, njaa na maradhi, na mamilioni wamehama makwao.

Mtoto wa madrasani kwetu alikuwa mmoja wa hao waliohama. Na vijana wetu wa JWTZ waliokwenda kuilinda Zambezia, wakarudi mwaka 1988, baadhi yao walirudi hawataki kusimulia.

TANO: USHAHIDI WA SANDUKU LA KURA

Amani ilitiwa saini Roma tarehe 4 Oktoba 1992, baina ya Rais Joaquim Chissano na Dhlakama. Angalia tarehe. Makaburu walikuwa wanaelekea kuporomoka, Mandela yuko nje ya gereza, vita baridi vimekwisha. Aliyekuwa akiuza viberiti amefunga duka.

Uchaguzi wa kwanza ulikuwa Oktoba 1994. FRELIMO ilishinda, lakini RENAMO, kundi lililozaliwa ofisini kwa majasusi wa Rhodesia na kulelewa na makaburu, lilipata viti 112 kati ya 250. Liliongoza Sofala, Manica, Tete, Zambezia na Nampula, na pwani ya Nampula ni ya Waislamu kwa wingi.

Tafakari hapo, ndugu yangu. Hakuna jasusi aliyesimama nyuma ya mpiga kura wa Nampula akimshika mkono. Wapo waliopiga kura kwa hofu, wapo waliopiga kwa ukabila na ukanda. Lakini kwa wengi ile kura ilikuwa malalamiko ya miaka ishirini. Mkono wa nje ulikuwa wa kweli, na kinyongo cha ndani kilikuwa cha kweli. Anayekataa mojawapo haelewi vita vile.

SITA: MBONA KWETU HAKUKUWAKA?

Swali hili nimelibeba miaka mingi. Sisi pia tulihamishwa miaka ya sabini, wengine nyumba zao zikichomwa wasirudi. Sisi pia uchifu ulifutwa, tena mapema, mwaka 1963. Wazee wetu walinung'unika. Kwa nini haikuwa vita?

Nionavyo mimi, sababu ni mbili. Hatukupakana na Rhodesia wala makaburu. Hakuna jirani aliyekuwa na faida ya kutuchoma. Na msikiti haukufungwa. Mzee alihamishwa shamba lake, lakini Ijumaa aliswali, maulidi yake alisoma, na mwanawe alikwenda madrasa. Ilibaki sehemu moja ambayo serikali haikuigusa, na hapo mtu alipumua. Kwa hiyo tusijisifu sana. Sehemu ya amani yetu ilikuwa hekima, na sehemu nyingine ilikuwa majirani.

SABA: SASA NAKUJIBU, KIJANA WANGU

Uliniuliza nani anawatuma. Nakupa maswali manne ya kubeba, uyaulize kila uonapo moto.

Moja: nani anafaidika njia hii ikikatwa, bandari hii ikifungwa, ardhi hii ikibaki bila watu? Fuata maslahi, lakini uwe na ushahidi. Kumsingizia mtu bila ushahidi nako ni dhulma.

Mbili: watu wa hapa walidhulumiwa nini kabla ya risasi ya kwanza? Cabo Delgado ilishambuliwa Oktoba 2017 kule Mocímboa da Praia. Vita hivi si vile vya zamani. Lakini ni mkoa maskini uliogunduliwa gesi nyingi, na kijana mvuvi akaona utajiri unapita mbele ya dirisha lake. Hilo halihalalishi hata tone moja la damu. Ila kiongozi anayetaka kuzima moto hawezi kuliruka.

Tatu: anayekuita, yeye mwenyewe yuko wapi? Majasusi waliobuni RENAMO hawakulala porini. Leo anayekutumia video usiku, akakutajia jihadi huku amejificha uso, muulize mwanawe yuko mstari wa mbele gani. Akikupa bunduki bure, jua bei utailipa wewe, na mama yako, na mtoto wa jirani atakayeogopa mlango maisha yake yote.

Nne: mimi katika eneo langu nakausha kuni au nazimwagia maji? Swali hili ni la mwenyekiti wa kijiji anayenyang'anya shamba la mjane, la askari anayempiga kijana kwa kuwa ana kanzu na ndevu, na ni letu maimamu pia, tunaomfukuza mtoto mtundu msikitini halafu tunashangaa amepata walimu wengine.

Katika Suratul Qasas Allah ametueleza kuwa Firauni aliwagawa watu wa nchi yake makundi, akalidhoofisha kundi moja na kuwachinja watoto wao wa kiume. Dola kutisha watu si jambo jipya, na siku zote huanzia kwenye mgawanyiko. Na katika Suratul Maida tumeamrishwa uadilifu hata kwa watu tunaowachukia. Amri hiyo ingetosha kuwa ulinzi wa mipaka yetu. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Nami naongeza: adui haji na ufa wake, anatafuta ule uliouacha wewe.

Na kila mmoja atasimama peke yake mbele ya Mola wake: aliyetuma, aliyetumwa kwa hiari, na aliyedhulumu mpaka mwenzake akaona heri aende porini. Yule mtoto aliyelazimishwa, Allah anamjua zaidi kuliko sisi.

Yule rafiki yangu wa Kimakua alirudi kwao na wazazi wake baada ya amani. Sijamsikia tena. Kila nikiingia msikitini na kuona mtoto kakaa ukutani anautazama mlango, namwacha akae hapo.

Ewe Allah, wape amani ndugu zetu wa Msumbiji, warehemu waliouawa bila hatia, utulinde sisi tusidhulumu wala tusidhulumiwe. Amin.

Ukiona kuna faida, mfikishie mwenzako. Ukiona kosa, nirekebishe kwa adabu, mimi ni mwanafunzi.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.